TOZO ZA DARAJA NA KIVUKO: NANI ATOZE, NANI ALIPE?



Wahenga walinena kuwa usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Sisi watu wa Delta ya Tana hatuhitaji kuelezwa maana ya methali hii, kwani mto tunao na mamba tunao. Lakini mvukaji ana jambo jingine la kufikiria mbali na mamba, nalo ni pesa. Kwanza kuna mwenye chombo, anataka chake. Pili, huenda ukingoni amesimama mtu mwenye kitabu cha risiti mkononi, naye anataka chake. Na mara nyingine yupo mtu asiye na kitabu cha risiti, na huyu ndiye anayetaka zaidi!

Je, ni nani kati yao mwenye haki ya kutoza? Na wewe msafiri una haki ya kuuliza nini kabla ya kutia mkono mfukoni? Hilo ndilo somo letu. Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutatazama historia ya hapa kwetu Ozi na ya Mombasa, halafu sheria ya leo, na mwisho tutajifunza kupima kama tozo ni ya haki au la. Mwishoni pana maswali ya mazoezi, kwa hivyo usisome huku unasinzia.

1. MANENO MATANO YANAYOCHANGANYWA

Watu wengi husema "ushuru" kwa kila senti inayotoka mfukoni. Hilo ni kosa, tena kosa la gharama, kwa sababu asiyejua jina la anacholipa hawezi kuuliza kinakokwenda.

(a) NAULI ni malipo ya kusafirishwa. Unampa mwenye boti, mwenye mtumbwi au kondakta wa matatu. Hayo ni mapatano kati yako na yeye.

(b) USHURU ni malipo yanayotozwa bidhaa zinapopita au kuuzwa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja katika kumi. Ushuru wa mazao watu wengi huuita "sesi".

(c) KODI, katika mambo ya serikali, ni malipo ya lazima ambayo raia hutoa bila kupewa kitu fulani papo hapo. Hurudi baadaye kwa njia ya shule, hospitali na barabara (ikiwa mambo yamekwenda sawasawa).

(d) ADA ni malipo ya huduma maalumu. Sisi wanafunzi neno hili tunalijua vizuri sana, kwani mwanzo wa muhula ndilo hutufukuzisha shule! Asili yake pia ni Kiarabu, na hapo mwanzo lilikuwa na maana ya desturi.

(e) TOZO limetokana na kitenzi "toza", nacho ni "toa" kilichotiwa usababishi: kutoza ni kumfanya mtu atoe. Katika somo letu, tozo ni malipo ya kupita mahali, kama vile daraja, kivuko, barabara au njia ya chini ya ardhi.

Sasa chukua mfano wa mama aliyetoka Ozi na matenga matatu ya maembe kwenda Kipini. Akimlipa nahodha wa boti, hiyo ni nauli. Akilipishwa kwa ajili ya maembe, huo ni ushuru. Akilipia meza sokoni, hiyo ni ada. Na kama gati lingekuwa na malipo ya kushukia, hiyo ingekuwa tozo. Kila mojawapo ina mwenyewe, ina sheria yake na ina mahali pa kwenda. Mtu akija akasema "leta pesa ya mto", muulize kwa upole: ya mto gani, na kwa jina gani?

2. USHURU WA BELEZONI

Huenda ukadhani kuwa habari za tozo ni za Nairobi na Mombasa pekee. La, hasha! Ugomvi mmoja mkubwa wa tozo katika historia ya pwani yetu ulitokea papa hapa, kwenye maji ya Ozi.

Zamani Mto Tana haukumwagika Kipini. Ulikuwa na mlango wake upande wa kusini, na Mto Ozi ulikuwa mto mwingine, mdogo, uliofika baharini Kipini. Kati ya mito hii miwili palichimbwa mfereji ulioitwa Belezoni, ili mitumbwi iweze kutoka Tana na kuingia Ozi bila kuzunguka baharini. Kwa hivyo aliyeushika mfereji ule alikuwa ameshika mlango wa biashara yote ya mto.

Mwaka wa 1889 Sultani wa Witu, Fumo Bakari, aliweka kituo cha kutoza ushuru kwenye mfereji huo. Wakati ule Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani, hali Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888, ilikuwa inajitanua pwani. Kampuni ilikataa katakata kuwa Witu ina haki ya kutoza mahali pale. Barua zikaandikwa, vitisho vikatolewa, na mwisho kituo kikaondolewa. Haukupita muda, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zikatia saini mkataba uliouweka Witu mikononi mwa Waingereza. Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo nyika.

Hebu tazama ugomvi wenyewe ulivyokuwa. Hoja ilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kutoza. Kama tozo ilikuwa nzito au nyepesi kwa mwenye mtumbwi wa mpunga, hilo halikuwa swali la wakubwa. Nasi leo tukijadili tozo, tusiishie kwenye swali la nani ana mamlaka. Tuulize pia anayelipa ni nani, na anapata nini.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mto wenyewe haukungoja hukumu ya mtu. Maji ya Tana yaliupanua mfereji, yakaingia kwa nguvu katika Ozi, na mkondo mkuu ukahamia huko. Ndiyo maana leo Tana inamwagika Kipini. Palipokuwa na mfereji wa kutozwa ushuru, leo mto mzima unapita bila kulipa hata ndururu!

3. DARAJA LA NYALI NA MAGARI YA JESHI

Tuteremke sasa Mombasa, kwa sababu huko ndiko kulikotokea kesi ya tozo ambayo wanasheria wanaisoma mpaka leo.

Mwaka wa 1931 kampuni ya Nyali ilifungua daraja la kuelea, lililokaa juu ya mapipa makubwa ya chuma, kuunganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini. Kampuni ilitumia fedha zake, na kwa makubaliano na serikali ikaruhusiwa kutoza wapitao. Baadaye magari ya jeshi yakawa yanapita, na wakubwa wa jeshi wakasema kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza hailipi tozo. Kampuni ikaenda mahakamani. Kesi ilisikilizwa London, na mwaka wa 1955 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa kampuni. Mmoja wa majaji, Denning, alieleza kuwa sheria ya Kiingereza ikiletwa Afrika haiwezi kubaki vile vile ilivyokuwa kwao. Ni kama mti uliohamishwa shamba, sharti upogolewe na kutunzwa kulingana na udongo mpya.

Kesi hii inatupa mafunzo mawili. Kwanza, haki ya kutoza haitokani na nguvu wala ukubwa wa mtu, bali hutokana na sheria na makubaliano yaliyoandikwa. Pili, tozo ikiwa halali, basi mkubwa na mdogo wote walipe. Haifai mwenye baiskeli atoe senti zake huku mwenye gari la kifahari anapita akipunga mkono.

Daraja lile la kuelea liliondolewa baada ya daraja jipya la zege kufunguliwa mwaka wa 1980. Leo watu huvuka Nyali bila kutozwa.

4. SHERIA INASEMAJE LEO?

Hapo zamani za mabaraza ya wilaya na manispaa, baraza lilitunga sheria ndogo, waziri akaidhinisha, kisha askari wa baraza wakaanza kazi. Mpango huo ulikwisha serikali za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Leo msingi wetu ni Katiba ya 2010.

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Miongoni mwa kazi za kaunti ni barabara za kaunti na pia vivuko na bandari, isipokuwa mambo ya usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Yaani, ndugu msomaji, kivuko cha mtoni si jambo la mbali la Nairobi. Ni jambo la kaunti yetu ya Tana River, yenye makao yake makuu Hola.

Kifungu cha 209 kinaruhusu serikali kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Lishike sana neno HUDUMA. Maana yake ni kwamba kaunti ikijenga gati, ikaweka taa, ikatia boti lenye maboya ya kuokolea watu, basi inaweza kutoza. Lakini mahali ambapo hakuna gati, hakuna taa, na watu wanashuka kwenye matope wakiwa wamebeba viatu kichwani, hapo swali ni halali: hii ni malipo ya huduma gani?

Tena kaunti haiwezi kuamka asubuhi na kutangaza bei. Viwango vya malipo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo huanza kama mswada, hupelekwa katika bunge la kaunti, na ni lazima wananchi washirikishwe. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika mambo yote ya fedha za umma, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 207 kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria. Mfuko wa suruali ya mtoza ushuru haukutajwa popote!

Fauka ya hayo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inazitaka kaunti ziwe na sera ya bei za huduma. Sera hiyo iwatendee watumiaji kwa usawa, tena iwafikirie maskini ili wasikose huduma za msingi. Kwa hivyo mwanakijiji akisema kivuko kimekuwa ghali mno kwa wanafunzi, hapigi kelele ovyo. Ana sheria mkononi.

5. TUJIFUNZE KWA WENGINE

Likoni, Mombasa: Waendao kwa miguu wanavuka kwa feri bila malipo, lakini magari yanalipa. Wanaozidi kwa wingi ni watembea kwa miguu, nao ndio wasio na njia nyingine ya karibu. Hata hivyo tusisahau kuwa kuvuka bure bila usalama si faida. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Pesa ya kivuko, iwe imetoka kwa msafiri au kwa serikali, kwanza inunue usalama.

Nairobi: Barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27 hivi, ilianza kutumika Mei 2022. Kampuni inayoiendesha hukusanya tozo kwa mkataba wa miaka 27. Januari 2024 bei ilipanda, na gari dogo likipita safari nzima likatoka shilingi 360 hadi 500. Wengi walinung'unika. Lakini asiyetaka kulipa ana barabara ya chini. Atakwama kwenye msongamano, ndiyo, ila atafika.

Dar es Salaam: Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa NSSF, yaani akiba ya wafanyakazi, na tozo ilikusudiwa kuzirudisha. Wakazi walilalamika kuwa ni nzito, na mwaka wa 2022 serikali ikapunguza viwango. Kumbe wananchi wakisema kwa utaratibu husikilizwa!

London: Huku kwetu hatuna handaki la barabara lenye tozo, kwa hivyo tuvuke bahari kidogo. Njia ya Blackwall, inayopita chini ya mto Thames, ilifunguliwa mwaka wa 1897. Kwa zaidi ya miaka 100 magari yalipita humo bure. Aprili 2025 handaki jipya la Silvertown lilipofunguliwa karibu yake, yote mawili yakawekewa tozo, ili kulipia ujenzi na kupunguza msongamano. Kumbe hata njia ya bure inaweza kuwekewa bei siku yoyote, na ndiyo sababu raia hawana budi kukaa macho.

6. TURUDI OZI

Sasa tupime hali yetu kwa mizani hiyo. Dereva wa Nairobi ana barabara mbili, ya kulipia na ya bure. Mtu wa Ozi njia yake ni mto. Kwa mguu kuna kuzunguka, kuna matope na mafuriko ya masika, kuna nyoka na mamba. Mjamzito anayepelekwa zahanati usiku hawezi kuambiwa achague.

Hii ndiyo hoja yangu kuu katika makala haya: PASIPO NJIA YA PILI, TOZO SI BEI, NI AMRI. Bei unaweza kuikataa ukaenda duka la pili. Amri huwezi. Na kwa kuwa ni amri, basi ni lazima iwe imeandikwa, iwe ndogo, na iwe na kitu inachorudisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwaka wa 1993 Kenya ilipitisha sheria ya kutoza pesa za matengenezo ya barabara kwenye mafuta, na mtindo huo ndio ulioshika nafasi ya vituo vya kulipia barabarani vilivyokuwapo tangu miaka ya 1980. Julai 2024 kiwango hicho kilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli. Basi fikiria: mwenye boti la injini hapa Ozi akinunua lita 10, ametoa shilingi 250 za kutengeneza barabara, na boti lake halijawahi kukanyaga lami! Pesa hiyo huirudisha kwa nani? Kwa abiria, ndani ya nauli. Kwa hivyo msafiri wa mtoni tayari analipa tozo ya barabara kila siku bila kujua. Atakayekuja kumwekea tozo nyingine ya kivuko ni vizuri akumbushwe hilo.

Isitoshe, maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga na miembe ya Ozi na vijiji jirani. Mkulima ambaye shamba lake limeungua kwa chumvi hana tena cha kutozwa sehemu moja katika kumi.

Sisemi kwamba watu wasilipe. Mkono mtupu haulambwi, na gati halijengwi kwa dua peke yake. Nasema walipe kwa kujua.

7. MASWALI MANNE YA MVUKAJI

Ukitozwa popote, uliza haya kwa adabu:
(i) Malipo haya yanaitwaje, na yamo katika sheria gani?
(ii) Bei imebandikwa wapi?
(iii) Risiti iko wapi?
(iv) Huduma ninayopata ni ipi?

Tazama mazungumzo haya ya kubuni:

MTOZA: Shikamoo, mama. Matenga mangapi hayo?
MAMA: Marahaba, mwanangu. Matatu.
MTOZA: Basi lete mia na hamsini.
MAMA: Ya nini tena? Nauli nimeshampa nahodha.
MTOZA: Ushuru wa kaunti, mama.
MAMA: Ushuru siukatai. Nionyeshe bei ilipoandikwa, kisha unikatie risiti.
MTOZA: Ah, mama nawe! Risiti zimekwisha. Toa mia tu yaishe.
MAMA: Hapo ndipo tusipopatana, mwanangu. Kama bei ni mia na hamsini, kwa nini unipunguzie? Na kama ni mia, ile hamsini ilikuwa ya nani? Kalete kitabu, mimi nipo, nakungoja.

Tazama, mama hakutukana wala hakukataa kulipa. Lakini mtu aliyetaka "kitu kidogo" ameshindwa, kwa kuwa mama anajua jina la anacholipa. Punguzo lisilo na risiti si huruma. Ni kaunti inayoibiwa, na gati litakalokosa mbao kesho.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba tozo ya kupita si jambo geni kwa Ozi. Belezoni palikuwa na ugomvi wa ushuru kabla babu zetu hawajazaliwa. Tofauti ni kwamba wakati ule masultani na makampuni walijadiliana juu ya vichwa vya watu, na leo Katiba inamtaka mwananchi awepo mezani. Mswada wa Fedha wa kaunti ukija kujadiliwa, na mkutano ukaitishwa Garsen au Kipini, sisi wanafunzi tuwasomee wazee wetu ule mswada na kuwafafanulia. Lugha tunayo. Kiswahili si cha kupasia mtihani pekee.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya nauli, ushuru, ada na tozo. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Kwa nini mfereji wa Belezoni ulikuwa na thamani kubwa kwa mwenye kuumiliki?
3. "Pasipo njia ya pili, tozo si bei, ni amri." Jadili ukitumia mifano ya Nairobi na Ozi.
4. Mwenye boti ananunua lita 40 za petroli kwa wiki. Kwa kiwango cha shilingi 25 kwa lita, je, anatoa shilingi ngapi kwa wiki kwa matengenezo ya barabara? Andika barua kwa mwakilishi wa wadi ukieleza hoja yako juu ya jambo hilo.
5. Igizeni mazungumzo ya Mama na Mtoza darasani. Kisha endeleeni: Mtoza amerudi na kitabu cha risiti. Anasema nini?